Walivyomwita Mwenyekiti

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aufunge, maana haya si ya kusikilizwa na kila mpita njia.

Mama Bendera, fundi cherehani aliyewashonea mashabiki bendera zao, kwanza aliona jambo dogo tu: mumewe amekunywa chai kavu, bila sukari. Kishindo huyo, mpiga ngoma wa timu, ambaye kikombe chake huita nyuki! Kisha akanusa tumbaku ya kiko. Humo ndani hakuna aliyevuta hata sigara.

"Baba, ulikuwa na nani?"

"Na watu wangu," mume akajibu, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo.

Mama Bendera akarudi nyuma hatua moja. Sauti ile aliijua, na kiko kile pia. Vilikuwa vya mwenyekiti wa zamani wa timu, na mwenyekiti alikwishazikwa.

Sasa, mashabiki wale walikuwa na mtindo wao. Timu ikifungwa, Kishindo hutwanga ngoma, nao huimba, "Mwenyekiti, rudi!" Hapo wanawasuta viongozi wapya. Bwana yule alipofariki, hawakuacha. Na mechi iliyopita, walipochapwa vibaya, waliimba mpaka makoo yakakauka. Basi kuna kitu kiliitika.

Jumapili alasiri mashabiki wakakutana mbele ya jukwaa kuukuu alilolijenga marehemu. Lilikuwa limefungwa siku nyingi, na viongozi walitaka kujenga jipya.

"Livunjwe!" akasema kinyozi. "Ufa wa nguzo unameza mkono wangu mzima. Mnangoja lituangukie?"

"Funga domo," Mzee Kofia, rafiki wa marehemu, akafoka. "Wewe ulikuwa unanyonya, yule bwana anabeba matofali kichwani. Mkilivunja, mmemfuta."

"Kwani mzee, tofali nalo linahitaji matanga?"

Wakaangua kicheko. Kishindo, ambaye siku zote alipigia debe libomolewe, akainuka.

"Halivunjwi. Fungueni milango. Mechi ijayo lijae, juu mpaka chini. Na watoto waje."

Kicheko kikakatika. Harufu ya kiko ikatanda, ikawa nzito kama blanketi lililolowa, na Mama Bendera, aliyeketi ubavuni mwa mumewe, akamwangalia usoni, akaona jasho linamchuruzika, akaona macho hayapepesi, akaona midomo yake imefumba kabisa, imetulia tuli, na huku maneno bado yanatoka, "Na watoto waje, na watoto waje."

Mzee Kofia akapiga magoti, machozi yanamlenga. "Mwenyekiti! Umeturudia!"

"Mzee, ngoja," Mama Bendera akanong'ona. "Jukwaa hili alilifunga nani?"

"Si yeye mwenyewe? Alipouona ufa alilia kama mtoto. Akatia kufuli kwa mkono wake, akasema heri aitwe fundi mbovu kuliko muuaji."

"Basi huyu anayetaka lijae watoto ni nani?"

Kishindo akageuza shingo polepole, akamtabasamia mkewe kwa meno yote.

"Nilikuwa sina jina, mama. Mmenipa nyinyi. Nipeni na watu. Mkininyima, namchukua huyu."

Wenye mpira wana wimbo wao wa kumsindikiza mchezaji aliyekula kadi nyekundu. Mama Bendera akauanza peke yake: "Nje! Nje! Nje!" Kinyozi akaudaka. Wengine wakaudaka. Kishindo akapepesuka, akacheka, akasimama tena imara, macho yake kwa Mzee Kofia.

"Na wewe unifukuze, rafiki yangu?"

"Mzee, nakuomba," Mama Bendera akalia. "Kinakushikilia wewe. Usipoimba, mume wangu haponi."

Mzee akafumba macho. "Nje," akasema, kisha akapaza, "Nje! Mwenzangu hakuwa hivi! Nje!"

Kishindo akaanguka kifudifudi. Alipofumbua macho, alisema, "Mke wangu, nina kiu," na sauti ilikuwa yake.

Buldoza lilikuja wiki ile ile, mchana kweupe. Mke na mume walisimama wameshikana mikono kama maharusi. Dereva akalisogeza, kisha akazima injini, akabaki kaduwaa. Huko juu, penye jukwaa tupu lililonuka kiko, bila upepo hata wa kutikisa jani, viti vya kukunja, vile vinavyoinuka mtu akisimama, vilikuwa vinashuka, kimoja, kingine, safu kwa safu, kama watu wanaokaa.

Halafu vyote vikainuka kwa mpigo mmoja, kama goli limeingia.