Shujaa Aliyeachwa Kwenye Minyororo

Kila Ijumaa alasiri Lamis aliosha vyombo haraka haraka, kisha akaenda ukumbini kwa Bi Widad. Kaka yake, Nizar, alimsindikiza na bunduki begani. Pale Tripoli, nchini Lebanoni, watu wa Mtaa wa Juu na wa Mtaa wa Chini, kwao Lamis, walikuwa wakiuana tangu yeye hajazaliwa. Kwa Bi Widad tu ndiko walikokaa pamoja, bunduki zikiachwa mlangoni.

Bi Widad alikuwa mwigizaji na msimulizi. Watu walishamchomea ukumbi, wakampiga, wakamwita kichaa. Akapaka rangi kuta na kufungua tena. Mama yule alikuwa na kichwa kigumu, na ashukuriwe Mungu kwa ugumu huo!

Ijumaa hiyo alisimulia habari za shujaa Dirgham, ambaye kila mtaa ulidai ni babu yao. Maadui wakamfunga minyororo na kumtupa kisimani. Hapo Bi Widad akainama kuaga. "Mengine wiki ijayo."

Loo! Katika mji ule hakuna anayekubali kwenda kulala shujaa akiwa kifungoni.

"Mfungue!" wazee wakafoka.

Hasib, mvulana wa Mtaa wa Juu, akacheka. "Nyie wa Chini, babu yenu ananuka huko kisimani!"

"Si nyie mnadai ni babu yenu?" mtu wa Chini akamjibu kwa ngumi.

Viti vikaruka. Meno yakang'oka. Lamis naye damu ikamchemka, akamrushia Hasib gilasi ya chai. Ikamkosa, ikampasua Bi Widad juu ya jicho alipokuwa akiwaamulia. Akaanguka, damu ikatapakaa jukwaani.

"Nani kafanya hivi?" Nizar akanguruma.

Kwa hofu Lamis akanyoosha kidole. "Ni... ni huyo Hasib."

Nizar akambamiza Hasib ukutani. Watu wakakimbilia bunduki mlangoni. Risasi ya kwanza ikavunja dirisha, ya pili ikampata mzee mmoja pajani, akalia kwa uchungu. Nizar naye akanyakua yake, akamwekea Hasib mtutu shingoni.

"Wallahi si mimi!" Hasib akalia. Suruali yake ililowa.

Lamis akaona kwamba neno lake moja linaua. Akajipenyeza, akaushika mtutu kwa mikono miwili. "Kaka, mwache! Niliyerusha ni mimi!"

Nizar akamzaba kofi. "Unamtetea adui?"

"Nipige tu, kaka. Ni mimi."

"Anasema kweli," Bi Widad akasema kutoka sakafuni, uso wote damu. "Nilimwona kwa macho yangu."

Nizar akashusha bunduki. Mmoja mmoja, wengine nao wakashusha zao.

Ijumaa iliyofuata Lamis alipiga magoti jukwaani akisugua damu iliyokauka. Bi Widad, paji la uso limeshonwa, akachutama kando yake.

"Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Gilasi yako ilinipasua mimi peke yangu. Uongo wako ulimjeruhi mzee wa watu, na ungezika mitaa miwili. Lakini uliurudisha mapema. Risasi ya kaka yako ingetoka, ungeirudisha vipi?"

"Nisamehe, Bi Widad."

"Nimeshakusamehe. Sasa kamwombe radhi mwenyewe."

Hasib alikuwa ameketi mbele, shingo ingali na alama. Lamis akamshukia, akamwomba msamaha mbele ya watu wote, machozi yakimtoka. Hasib akasugua shingo yake.

"Sawa," akasema. "Ila mtoeni huyo babu kisimani, maana sijalala wiki nzima!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Widad akampa Lamis mkono, akampandisha jukwaani wamfungue Dirgham.