Dawa Iliyomfaa Nanyama

Nanyama alikuwa fundi cherehani mjini Kitale. Aliishi na mumewe, Khisa, na binti yao, Ivy. Mwaka wa 2007 alikatwa titi kwa sababu ya saratani. Mwaka uliofuata saratani ilirudi, safari hii kwenye ini. Alikonda. Akaacha kushona.

Senge, shangazi yake, alitoka Bungoma kuja kumwona. Alimwambia Khisa amrudishe mkewe nyumbani kijijini apumzike, hospitali zisimsumbue tena. Khisa alikaribia kukubali.

Jirani yao, Chelagat, alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani. Aliuliza kama uvimbe uliotolewa ulipimwa aina yake. Hakuna aliyejua.

"Mama Ivy, saratani za titi haziko sawa," alisema. "Zingine ziko na protini nyingi inaitwa HER2. Hiyo ndiyo inazifanya zikue haraka. Kuna dawa inayoishika na kuizuia."

"Itaniponya?" Nanyama aliuliza.

Chelagat hakumficha. "Saratani ikishafika kwa ini, kuimaliza kabisa ni ngumu. Lakini inaweza kupungua, upate muda, tena wa nguvu."

Kipande cha uvimbe kilikuwa bado kimehifadhiwa hospitalini. Kilipimwa, na protini hiyo ikaonekana kwa wingi. Daktari akamwingiza Nanyama katika utafiti uliotoa dawa hiyo bila malipo. Kwanza walipima moyo wake, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuudhoofisha.

Siku ya kwanza alitetemeka kwa homa. Wauguzi walipunguza mwendo wa dripu, naye akatulia. Alipewa pia dawa za kawaida za saratani, nywele zikamnyonyoka. Khisa alimwambia kichwa chake kina umbo zuri. Walicheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Picha za ini zilipopigwa tena, uvimbe ulikuwa umepungua sana. Nanyama alirudi kwenye cherehani. Nguo ya kwanza alimshonea Chelagat.

Desemba walikwenda Bungoma. Kanisani Nanyama alisimama kushukuru. Alisema bado anatibiwa, na moyo wake bado unapimwa. Aliwaomba wanawake wasikae na uvimbe kimya, na mwenye saratani aulize ni ya aina gani.

Baada ya ibada Senge alimvuta kando. Aliuchukua mkono wa Nanyama, akauweka chini ya kwapa lake.

"Hata mimi niko na uvimbe," alisema polepole. "Niliogopa kusema."

Nanyama hakumlaumu. Jumatatu asubuhi walikuwa hospitalini, wameketi pamoja, wakingoja Senge aitwe.