Kipusa Haitiki Akiitwa

Mama Kipusa ni fundi cherehani. Mlango wa chumba chake cha kushonea unatazama barabara. Binti yake, Kipusa, ana miaka miwili na nusu. Kutwa hukaa chini ya meza akipanga vifungo mstari mmoja. Ukisogeza kimoja tu, hulia hadi sauti imkauke.

Zamani alisema "mama" na "paka". Kisha maneno yakapotea.

"Atasema tu," bibi yake hupenda kusema. "Baba yake alichelewa hivyo hivyo, na leo hanyamazi."

Siku moja nesi wa zahanati alikuja kujaribu sare yake. Akamwita Kipusa mara tatu. Mtoto hakugeuka. Kengele ya baiskeli ilipolia nje, aligeuka mara moja.

"Dada, huwa anakuonyesha vitu kwa kidole?" nesi aliuliza.

"Hapana. Hunishika mkono akanivuta." Mama aliacha kushona. "Ni kosa langu? Kazi zimenizidi, siongei naye vya kutosha."

"Si malezi yako. Huenda ni usonji. Mtoto huzaliwa nao. Ubongo wake huelewa watu na maneno kwa njia yake. Mimi siwezi kuthibitisha. Akapimwe masikio, kisha amwone daktari wa watoto."

"Si afadhali tungoje aanze shule?"

"Usingoje. Dalili zinaweza kuonekana hata kabla ya miaka miwili. Na mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke upesi. Msaada wa mapema humfaa zaidi."

Jioni mama alipomweleza, baba alikunja uso. "Mtambandika mtoto jina bure."

"Jina analo tayari," mama alijibu. "Majirani humwita mkaidi."

Asubuhi baba alimbeba Kipusa mwenyewe hadi hospitali.

Masikio yalikuwa mazima. Daktari aliwauliza maswali mengi, akamtazama mtoto akicheza. Walirudi mara tatu kabla ya kupata jibu: ni usonji. Mama alilia.

"Hakuna dawa ya kuuondoa," daktari alisema, "lakini yapo mengi ya kumfundisha."

Mtaalamu wa usemi wa watoto aliwafundisha kuinama usawa wa macho ya Kipusa, kusema maneno machache na kutumia picha. Bibi alichora kikombe, ndizi na kiatu, akabandika ukutani. Ndizi ilifanana na kiatu. Walicheka, akachora upya.

Miezi sita ikapita. Mchana mmoja baba alikuwa amejilaza mkekani. Kipusa akabandua picha ya kikombe, akamwekea kifuani, akangoja.

Baba aliinuka kumimina maji. Alimtazama Kipusa badala ya kikombe, nusu yakamwagika sakafuni.