Aliyeita Mara Moja

Haya yalimupata rafiki yangu Généreuse, anayekaa Kingi. Mimi niliona mwisho wake tu, na ule mwisho unanitosha.

Généreuse alikuwa anaongozaka mazungumuzo ya live, ya moja kwa moja, kwa telefone. Mwenye anataka kusema anainua mukono kwa kugusa alama, na mwenye kuongoza anamupa mikro ili asikike. Siku moja mada ilikuwa desturi za pori la Walikale. Mvua ya saa kumi ilikuwa inapiga mabati, akafunga dirisha na kutundika blanketi ili kelele ipungue. Chumba kikawa giza.

Papa Akilimali, muwindaji, alikuwa anaeleza: "Kule pori, muntu mwenye haumuone akikuita mara moja, nyamaza. Muntu wa kweli ataita tena. Mwenye anaita mara moja si muntu; ukimujibu, atakupeleka kwake."

Mukono mwingine ukainuka, bila jina, bila picha. Généreuse akafungua mikro. Akasikia majani makavu yakikanyagwa polepole, kisha sauti ya mwanamuke.

"Généreuse."

Généreuse njo mwenye live, na kwa live anayeita anajibiwa; akasema: "Karibu, dada, tunakusikia."

Halafu Papa Akilimali akauliza, "Mama, unajibu nani? Sisi hatukusikia muntu."

Tangu siku ile Généreuse hajafungua live tena. Lakini jana muchana alinipa telefone yake niangalie. Live ingine, yenye yeye hakuifungua, ilikuwa wazi. Aliyeiongoza hakuwa na jina wala picha. Musikilizaji alikuwa mumoja tu, Généreuse, na mukono wake ulikuwa umeinuliwa, naye hakuwa amegusa alama.

Tukiwa tunaangalia, akapewa mikro.