Nyumba ya Mzee Olweny

Awor alikuwa na kinyaa na Busia tangu utotoni, na siku ile Busia ikamwongezea sababu. Alivaa gauni la kitenge la njano, limepigwa pasi likanyooka, mara mkokoteni wa dagaa ukapita kwenye dimbwi karibu na geti la mpakani ukammwagia tope la kijivu kuanzia kiunoni. Ndani ya tope kulikuwa na magamba ya samaki. Mwenye mkokoteni hakugeuka hata shingo.

"Pole, siste. Kuja uoshe hapa," kijana mmoja mrefu mwenye shati jeupe akamwita kutoka mlangoni mwa duka la madirisha ya alumini, rangi na vigae. "Maji ni safi. Mimi ndio mchafu."

"Hilo naliona," Awor akajibu, lakini akaenda.

Alipomaliza kujisugua alitoa kwenye mkoba komeo la dirisha, chuma kizee kilicholiwa na kutu. "Iko kama hii?"

"Hiyo si ya kuweka makumbusho?"

"Ndiko nataka kuiweka."

Akamweleza. Babu yake, Mzee Olweny, alifika Tororo, upande wa Uganda, na kazi ya reli, akawa miongoni mwa wenyeji wa kwanza kujenga pale mjini. Nyumba za wenzake zilikuwa zimebomolewa moja baada ya nyingine, zilipokuwa pakaota maduka ya vioo. Ya Olweny ilibaki, na nguzo zake za matofali, na kuta zilizopakwa udongo na mavi ya ng'ombe kila Desemba, zikachorwa mawimbi kwa vidole. Tabaka juu ya tabaka. Awor alitaka kuifungua ili watu waje waone na wasikie habari za familia za kwanza.

Kijana, jina lake Kevo, Msamia wa upande wa Kenya, alitafuta komeo la kufanana nalo hadi akalipata. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe unanuka rangi mpaka kwa simu."

"Tukioana utazoea."

"Nani alikuambia naolewa na duka la alumini?"

Lakini alikuwa amekwisha kubali moyoni, na kila mtu aliona. Hata Kevo mwenyewe alianza adabu za ukwe mapema: akikutana na Florence, mama yake Awor, barabarani, alishuka pikipiki, akasimama pembeni na kuangalia chini mpaka mama apite. Siku ya wazee wake kuja kujitambulisha ikapangwa.

Juma moja kabla ya siku hiyo, Awor alikwenda kijijini Iyolwa kupiga picha nyumba za kale. Aliporudi, harufu ya rangi ilimpokea barabarani. Nyumba ya Mzee Olweny ilikuwa imepigwa plasta ya saruji na rangi ya kijani inayong'aa, na barazani, kuanzia sakafuni hadi kifuani, ilikuwa imevikwa vigae vya bafu. Vyeupe, vyenye maua ya waridi. Ilimkirihi kuviangalia, ikamkirihi zaidi kwamba vilikuwa vimepangwa vizuri.

Akapiga simu. "Kevo, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Nimejituma."

"Umeifanya nyumba ya babu yangu choo cha hoteli. Nikiwaza mikono yako juu ya ule ukuta nasikia kutapika. Waambie wazee wako wabaki kwao." Akakata.

Kesho yake alichukua nyundo akaanza kuving'oa vigae mwenyewe. Florence alitoa kiti akakaa akimtazama.

"Acha kupiga nyumba," akasema hatimaye. "Mimi ndio nilimwambia."

Nyundo ikasimama.

"Alikataa. Alisimama pale, macho chini, anasema Awor atalia. Nikamwambia, wageni nakuja kwangu, wakute nyumba nanuka mavi? Sasa angesema nini? Mkwe najibizana na mama mkwe?"

"Mama, vile vidole vya bibi vilikuwa ukutani."

"Vidole ya nani? Bibi yako alikuwa nakaa kwa kiti, naonyesha. Kwa magoti nilikuwa mimi. Nilianza nikiwa bibi harusi. Mimba yako iko tumboni, mikono iko kwa mavi mpaka kiwiko. Baba yako na ndugu zake nakunywa pombe ya malwa, nasema nyumba ya mzee ni heshima. Wewe napenda kuangalia. Mimi hiyo harufu nasikia kwa chakula mpaka leo."

Awor aliona haya. Alikuwa amezunguka wilaya nzima akiuliza nani alijenga, hakuwahi kuuliza nani alipaka. Sasa aliyemtia kinyaa alikuwa yeye mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza Kevo kwa simu.

"Nimtaje mama yako? Bora unichukie mimi."

"Kuja."

"Nikuje kama nani?"

"Kuja na tindo."

Walibandua siku nzima. Plasta ilitoka na tabaka zote za zamani, mawimbi yakamwagika chini yakawa vumbi. Awor alilia, kisha akasema watapaka upya.

"Mimi sipaki tena," Florence akasema.

Kwa hiyo Awor alipiga magoti, na kwa mara ya kwanza maishani akazamisha mikono kwenye ndoo ya udongo na mavi ya ng'ombe. Alitapika mara moja, kando. Kevo akakunja mikono ya shati lake jeupe, akapiga magoti karibu naye. Mwanamume, tena mkwe, anapaka baraza mbele ya mama mkwe. Florence aligeuza kiti upande kwa adabu, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Awor," Kevo akanong'ona, "wazee wangu waje ama wabaki?"

Awor akamtazama: mikono ya kijani hadi viwikoni, mavi kwenye kucha, harufu ya kukaba koo. Akaushika ule mkono.

"Waje. Lakini wakiuliza hii ni nyumba ya nani, utawaambia ni ya Florence."

Kicheko cha mama kikakatika. Akajifuta macho kwa pindo la leso.

"Chini ya dirisha mmeruka," akasema. "Rudieni."