Mfu wa Tano

Wafu wa katuni ile walikuwa wanne. Kalisti, mwonyeshaji wa gari la sinema la serikali, aliwajua kama shemeji zake: tangu mwaka sabini na moja alikuwa akiwazungusha vijijini ili kuwavuta watu kabla ya filamu ya kanuni za kilimo cha pamba. Kwa hiyo pale Ushirombo, wa tano alipotoka kaburini akichechemea, Kalisti alidhani ni uchovu wa safari.

Katuni yenyewe iliachwa na mkoloni, na aliyeichora alikuwa na lake na kifo. Mifupa ilipigana mbavu kama marimba. Paka alikatwa kwa msumeno, akajishona, akauomba msumeno radhi. Watu walicheka mpaka machozi. Mfu wa tano akaangukiwa na jiwe, akawa chapati. Aliyecheka kuliko wote ni Alois, mchimba dhahabu mwenyeji wa Ngokolo, aliyekuwa na mguu mmoja mfupi.

Siku ya tatu jiwe lilimwangukia Alois shimoni, akazikwa kwao Ngokolo.

Tangu hapo sanduku la filamu likawa linanuka udongo mbichi wa kaburi. Kalisti aliandika barua ofisini kwamba katuni imeingiwa na jini, na wafu sasa ni watano. Jibu lilikuja na mihuri miwili: "Ofisi haina fungu la majini. Endelea na ratiba. Aidha, eleza kwa nini mfu wa tano hayumo katika orodha ya vifaa."

Huko Ngokolo walionyesha mchana, ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mwanaima, Mzaramo muuza vitumbua, mtani wa kila Msukuma mtaani, alikaa karibu na mashine.

"Unatetemeka nini, Msukuma? Umeogopa pamba?"

"Nyamaza, Mwanaima," Kalisti alinong'ona. "Hebu wahesabu wale."

Wanne. Halafu wa tano, amevaa kofia kama ya Kalisti, na mkono wa kulia una vidole vinne, kama wa Kalisti.

"Mungu wangu," Mwanaima alisema polepole. "Ni wewe."

Kalisti akazima mashine, gurudumu likaendelea kuzunguka. Akatoka mbio akazima jenereta, na aliporudi picha ilikuwa ingali inacheza, na harufu ya udongo imelijaza ghala, na watu wanacheka huku macho yamewatoka kwa hofu kwa kuwa hawawezi kuacha, na yule mwenye kofia anasogea hatua kwa hatua kwenye kaburi ambako mwenzake anamngoja na jembe, na kifua cha Kalisti kinabana, kinabana, kana kwamba kuna mtu ameshaanza kumfukia.

Mwanaima akasimama mbele ya shuka la sinema, mikono kiunoni.

"We jini! Huo nao ni utani? Mimi nilimtania Alois jeneza likishuka. Nililala kaburini mwake, nikakataa kutoka mpaka nipewe kuku. Lakini udongo wake niliubeba kwa kichwa changu hiki! Anayemcheka maiti ndiye anayemzika. Wewe umemcheka Alois, ulichimba wapi? Mtani mvivu! Chimba!"

Kicheko kikakatika.

"Hata kuni za msiba hakuleta!" jirani yake, Mama Paskalia, akadakia kutoka nyuma.

"Hata maji!"

Ghala zima likaanza kuzomea. Mfu mwenye jembe akageuka, akawatazama. Taya likamtikisika. Akaanza kuchimba. Akazama magoti, kiuno, fuvu. Yule mwenye kofia akafutika, na Kalisti akavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka ndani ya maji.

Likabaki shuka jeupe, na chini yake, sakafuni, rundo la udongo mwekundu.

"Njoo tukanyage," Mwanaima alisema. "Na ucheke. Akusikie."

Kalisti akapanda juu ya rundo, akacheka. Chini ya nyayo zao kitu kikagonga, mara moja.

Wakakanyaga tena.