Boneti Iliyopasuka

Kila asubuhi nyundo mbili zilisikika mtaani. Moja ilikuwa ya fundi wa bodi za magari. Nyingine ilikuwa ya jirani yake, Mama Sufuria, aliyefua sufuria tangu usichana wake.

Siku moja mkunga alileta gari. Tawi lilikuwa limeangukia boneti.

"Fundi, ninalihitaji keshokutwa. Nina mama wawili wanaokaribia kujifungua."

"Ondoa shaka, dada. Hilo dogo."

Fundi aliifungua boneti, akaiweka chini. Alipiga nyundo mara tatu. Mara ya nne, boneti ikapasuka.

Miaka ishirini kazini, hakuwahi kupasua kitu cha mteja. Akachukua kipande cha bati la chuma ili azibe ufa. Mkewe, aliyekuwa akipiga msasa mlango wa gari lingine, akamshika mkono.

"Subiri, mume wangu. Kamwite Mama Sufuria."

"Anajua nini kuhusu magari?"

"Pengine hajui. Lakini hebu itazame hapo ilipochubuka rangi. Inafanana na nini?"

Fundi akatazama. Ilifanana na sufuria.

Mama Sufuria alikuja na sumaku. Aliiweka kwenye mlango wa gari, ikanata. Aliiweka kwenye boneti, ikaanguka.

"Mlango ni chuma. Hii ni alumini," alisema. "Mwanangu, chuma ni kivumilivu. Alumini ukiipiga ikiwa baridi inakakamaa, kisha inapasuka."

"Basi niichome mpaka iwe nyekundu?"

"Haiwi nyekundu. Utasubiri wekundu, nayo itakuwa uji."

"Na bati hili la chuma?"

"Hutaweza kulichomelea hapo. Hata ukilifunga kwa skrubu, maji yakipita katikati, alumini italiwa."

"Kwa nini hawakuweka chuma gari zima?"

"Chuma ni rahisi kunyoosha, na bei yake nafuu. Alumini ni nyepesi, gari linakula mafuta kidogo. Kila kimoja na kazi yake."

Akapaka sabuni ya mche mahali palipobonyea. Akapitisha moto taratibu, huku na huku. Sabuni ilipogeuka kahawia, ishara kwamba joto limetosha, akauondoa moto.

"Ikipoa, tumia nyundo ya mbao. Polepole, kama unamlaza mtoto."

Fundi akapiga. Boneti ikatii.

"Sasa tusafishe ufa. Brashi ya kusugulia chuma usiilete hapa. Chembe zake zitaleta kutu."

Kwa brashi mpya na waya wa alumini, Mama Sufuria aliuchomelea ufa mwenyewe. Mkono wake wa miaka sabini haukutikisika. Fundi alimtazama, akasahau hata kufumba mdomo.

Siku ya tatu mkunga alirudi, akapapasa boneti iliyopakwa rangi mpya.

"Niliipasua, dada," fundi alimwambia. "Aliyeiponya ni huyu mama."

"Ilipasuka wapi?" mkunga aliuliza. Hakupaona. Jioni ile alimwahisha hospitali mama wa kwanza.

Fundi alitenga vifaa vya alumini kwenye rafu ya peke yake, mbali na vya chuma. Mwezi uliofuata mafundi watano wa mtaa walikaa juu ya makopo ya rangi, wakimtazama Mama Sufuria akipaka sabuni.